Majivu ya Tanuu na Maboga ya Mkwe

Jumatatu, 22 Januari 1906

Kipimo cha mvua: sifuri. Leo siku ya kumi na moja. Nimesimama uani kwa boma kalamu sikioni, nimechungulia kikombe cha shaba — kikavu, na buibui kajenga humo. Nimeandika sifuri upande wa mbele wa kitabu, ambao ni wa Bwana Mkubwa, Mjerumani wa boma. Upande wa nyuma ni wangu mimi Abdurahmani, karani wa mvua. Bwana hasomi Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Alisema mwenyewe kwamba anaona minyoo tu. Basi hewala, huku nyuma naandika minyoo.

Nimeona jambo shambani. Majani ya maboga yanageuka njano! Si yote. Mashina matano upande wa hori, ule mkono wa bahari, ukingo wa jani umepauka kama kitambaa kilichoachwa juani. Jana sikuliona hilo, au niliona nikajifanya sikuona.

Mashina ni thelathini na mawili, na mbegu si zangu. Ni za mama yake Sada, mke wangu. Alitufikia Novemba kutoka Nyangamara, askari walipochoma mashamba ya huko kwa sababu ya vita vya maji. Alikuja na jembe, kikapu kitupu, na kibuyu cha mbegu amekifunga kiunoni. Kijana wake, Likwata, alikwenda na wapiganaji wa maji na hajarudi, na jambo hilo nyumbani hatulisemi.

Tuna kapu moja la mtama nalo limefika nusu. Bara hakuji kitu, bara kwenyewe kumeungua. Sada ananyonyesha Siti. Akila majani ya maboga, maziwa yanatoka. Asipokula, mtoto hulia mpaka sauti inamkauka. Mwezi wa Machi, inshallah, tutakula na maboga yenyewe. Bila shamba hilo sijui tutakula nini, wallahi sijui.


Jumatano, 24 Januari

Sifuri. Mashina tisa sasa.

Nimemwambia Sada amuulize mama yake. Mimi siwezi. Sisi watu wa pwani mkwe tunamheshimu, lakini hatukimbiani naye. Kwao Wamwera — ukoo wa Sada angalau — mkwe mwanamume na mkwe mwanamke hawatazamani usoni, hawasemezani, hawatajani jina. Mwaka wa tatu huu nimeoa, na uso wa mama huyu siujui! Najua kisogo chake, kanga yake, na kikohozi chake. Nikirudi nyumbani nakohoa langoni, naye anajibu kwa kukohoa, anaingia bandani kwake nyuma ya nyumba. Mazungumzo yetu yote ni hayo. Maneno mengine hupita kwa Sada.

Jibu limekuja: Je, majivu alinyunyiza kama nilivyomwagiza?

Nilinyunyiza! Mwanzo wa mwezi walituvamia wadudu wekundu, wakatoboa majani mpaka yakawa chekecheke. Mama akaagiza majivu ya jikoni, konzi moja kila shina, asubuhi umande haujakauka. Wadudu walikimbia siku ile ile. Nilishangaa, nikasema kumbe bara nako kuna elimu. Nilisema hivyo kwa kejeli kidogo, Mungu anisamehe.

Nimemjibu Sada: ndiyo, nilinyunyiza kama alivyosema.

Sikusema kwamba si majivu ya jikoni. Kutoka nyumbani mpaka shamba ni mwendo, kupita boma na lindo la askari, halafu nijitwike majivu kama mpagazi? Mimi karani? Jirani na shamba kuna tanuu la chokaa, na hapo majivu ni kilima, ya bure. Nilichota makapu. Majivu ni majivu.


Alhamisi, 25 Januari

Sifuri. Mashina kumi na mawili. Nadhani majivu yalikuwa haba. Nimeongeza kapu zima.


Ijumaa, 26 Januari

Baada ya sala Mzee Maftaha, mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, ametaka kuyaona maboga. Tumekwenda pamoja. Ameyazunguka, ameshika ndevu, ameniuliza kama kuna mtu aliyeyanyooshea kidole. Boga changa halinyooshewi kidole, alisema, hata mtoto anajua. Ukitaka kulionyesha, kunja ngumi.

Nikakumbuka. Nilimwonyesha Bakary wa forodha! Kwa kidole hiki hiki cha kalamu, moja baada ya jingine, nikijisifu. Loo!

Tumetundika chungu kilichovunjika juu ya mti kuzuia jicho. Mzee kasoma, kapuliza. Nimemshukuru. Lakini rohoni nimebaki na wasiwasi, maana kidole niliyanyooshea yote thelathini na mawili, na yanayougua zaidi ni yale niliyoyapa kapu la pili.


Jumapili, 28 Januari

Sifuri. Leo boma limefungwa, nimeshinda nyumbani, na nimehojiwa kama mwizi.

Mama yuko bandani nyuma ya pazia la makuti. Mimi barazani. Sada katikati na mtoto mgongoni, anakwenda na kurudi. Maswali:

Yanayokuwa njano ni majani ya zamani ya shinani au machanga ya nchani? Nikasema yote. Akarudisha: hakuna kitu kinachoitwa yote, kaangalie.

Njano inaanzia katikati ya jani au ukingoni? Mishipa ya jani imebaki kijani?

Ukigeuza jani, chini kuna unga, kuna utando, kuna vijidudu?

Saa sita mchana majani yananyong'onyea? Jua likishuka yanasimama tena, au yanabaki yamelala?

Ukipasua shina kwa kisu karibu na ardhi, ndani kuna funza? Kuna maji yanayonata?

Ng'oa moja lililo hoi. Mizizi myeupe au myeusi? Inanuka?

Wallahi nimebaki mdomo wazi! Daktari wa boma mtu akienda anaumwa, anaangalia ulimi, anampa kidonge cheupe, aondoke. Kichwa, tumbo, mguu — kidonge ni kile kile. Na huyu mama, ambaye shangazi zangu siku ya harusi walimwita mshenzi (na mimi nikacheka nao, naandika ili nisijisahaulishe), anauliza maradhi ya boga kama kadhi anayeuliza mashahidi.

Nimekwenda shambani jua kali. Nimegeuza, nimepasua, nimenusa. Nimerudi na majibu: ni ya zamani kwanza, ukingoni, na ukingo umekauka kahawia, chini ya jani safi, mchana yanalala, jioni yanainuka nusu, funza hakuna, mizizi haikuoza ila ncha zake zimeungua na haina vinywele.

Sada akaenda, akarudi. Mama amesema vizuri, leo umetazama.

Nimefurahi kama mtoto aliyesifiwa chuoni. Mtu mzima mimi!


Jumatatu, 29 Januari

Sifuri. Kumi na tisa. Sada kachuma majani kwenye mashina mazima tu, na yamejaa kiganja kimoja. Siti kalia tangu adhuhuri.

Swali jipya limekuja: majivu uliweka kiasi gani? Nimejibu: konzi moja, kama ulivyosema.

Ndio uzuri wa kusema kwa kupitia mtu, uongo hauonekani usoni. Lakini Sada aliniangalia.


Jumatano, 31 Januari

Naandika masikio yakiwa ya moto.

Asubuhi mama ameagiza vitu vitatu: jani moja la mgonjwa, konzi ya udongo wa shinani, konzi ya udongo wa njiani pale pale. Nimevileta kwenye kawa ya kufunikia chakula. Sada kapeleka ndani. Mimi nimekaa barazani nikijifanya nashona kofia.

Nikasikia mtu anatema mate. Halafu anatema tena. Nikamwita Sada kwa sauti ndogo, mama yako anafanya nini? Sada akatoa kichwa: anaonja.

Anaonja nini?

Udongo!

Alilamba jani. Akaonja udongo wa njiani, akasema huu mtamu. Akaonja wa shinani, akatema, akasukutua, akaonja mara ya pili asije akamsingizia mtu. Kisha akasema, na safari hii alisema kwa sauti ya kufika barazani, ila aliiambia kawa: Wewe kawa, huku juu kuna chumvi na kitu kinachouma ulimi. Njiani hakuna. Chumvi haina miguu. Aliyeileta ana makapu.

Astaghfirullah! Nilinyanyuka, nikakaa, nikanyanyuka.

Nimesema yote. Tanuu, makapu, kapu la pili. Sada alicheka mpaka akashika nguzo, Siti naye akacheka bila kujua sababu. Mama akauliza polepole tanuu hilo linachoma kuni gani.

Mikoko, nikasema. Inakatwa horini.

Na huo mkoko unaota wapi?

Ndani ya maji ya chumvi. Nimezaliwa hapa, nimecheza humo, naujua mkoko kuliko jina la babu yangu. Na halikunipitia akilini hata mara moja! Mti unaokunywa bahari maisha yake yote, ukiuchoma, chumvi itakwenda wapi? Na juu yake vumbi la chokaa. Mama yeye mkoko hajapata kuuona, kwao wanachoma miombo. Yeye anajua majivu hajui mkoko, mimi najua mkoko sijui majivu, na baina yetu limesimama pazia.

Shamba langu hajalitia mguu hata siku moja, na amenikuta mimi humo ndani na makapu yangu. Simtaji jina, lakini leo ningelitaja kwa fahari mbele ya shangazi zangu wote.


Ijumaa, 2 Februari

Dawa: kwangua majivu yote na udongo wa juu, utupe mbali. Mwagia maji baridi ya kisima, mengi, ardhi iteremshe chumvi chini. Jana na leo nimechota ndoo mpaka mabega hayainuki. Kisima kiko mbali, na mvua sifuri.

Halafu ile kazi nyingine. Mizizi ya zamani imeungua, mama amesema, basi lipe boga midomo mipya. Tawi linalotambaa lina vifundo. Kila kifundo ukikilaza juu ya udongo safi na kukifukia vizuri, kinatoa mizizi yake, boga linakunywa hapo. Nilikuwa sijui! Ningeona vifundo miaka mia nisingejua kwamba ni midomo.

Nimejaribu. Tawi la kwanza limekatika. La pili limekatika. La tatu nimefukia na jani lake. Sada kapeleka habari, karudi na jibu fupi: mwambie aache.

Mashina ishirini na manne njano. Mtama kapuni umebaki wa kufunika sakafu ya kapu.

Lazima mikono yake ifike shambani. Lakini kati ya nyumba na shamba kuna lindo, na amri iko wazi: mtu wa bara asiye na cheti cha kazi akikutwa ng'ambo ya lindo, mnyororo shingoni, apelekwe kubeba mizigo ya askari. Juzi wamechukua wawili, mmoja mzee kuliko yeye.


Jumamosi, 3 Februari

Nimefanya jambo. Sijui ni la ujasiri au la upumbavu.

Nimeandika cheti. Kwa herufi za Kidachi, za Wajerumani, mwandiko mzuri kuliko wangu wa kila siku: Mwenye cheti hiki ni msaidizi wa kipimo cha mvua. Nimegonga muhuri wa boma wakati mwenye muhuri kaenda chooni.

Mama kajifunika gubigubi, kafuata nyuma hatua ishirini. Askari wa lindo kakishika cheti juu chini, kakisoma muda mrefu sana, akatikisa kichwa kwamba kiko sawa. Nilikuwa nimelowa jasho mpaka kwenye viatu.

Ee bwana, nimeona kazi leo! Mimi nimewekwa upande wa njia, nimpe mgongo, nichote maji, nisigeuke. Nimegeuka. Kidogo tu, kwa pembe ya jicho, na nimeona mikono. Hakuvuta tawi hata moja. Aliingiza kiganja chini yake kama mtu anayempokea mtoto aliyelala, akaliacha lijilaze lenyewe. Udongo safi alioutoa chini ya kichaka, akaupepeta kwa vidole, akaonja — kila mara anaonja! — akaweka konzi juu ya kifundo, akagandamiza kwa ncha ya dole gumba mara moja. Akasogea. Mashina ishirini na manne, vifundo vitatu kila tawi, na mgongo hakuunyoosha mpaka jua lilipokaa utosini. Mimi kijana wa miaka thelathini, kwa ndoo tu, nililala chini mara mbili.

Na alisema njia nzima. Si na mimi, hasha. Na maboga.

Pole, alikuwa anawaambia. Poleni wanangu, mmepikiwa chumvi nyingi. Mwambieni huyo mpishi wenu alete maji upande huu, huko keshamwaga mara tatu, au anachota kwa macho yaliyofumba?

Nikaleta upande ule.

Mwambieni asikanyage kifundo.

Nikaondoa mguu. Nilikuwa nimekikanyaga kweli! Na alikuwa kanipa kisogo! Nimeuma kanga ya Sada niliyopewa kujifutia jasho, ili nisicheke kwa sauti. Maboga yamepata mama, na mimi nimepata kusutwa, na sijakasirika hata chembe. Mimi, ambaye hata Bakary akinirekebisha herufi moja tunanuniana wiki.


Jumatatu, 5 Februari

Idi kubwa. Mbuzi yuko wapi? Tumekula mtama wa maji na kisamvu alichotuletea mke wa Mzee Maftaha. Sada hana cha kupika zaidi, ananitazama tu. Siti ana mashavu ya mzee. Mvua sifuri.

Mama amepita lindo kila siku. Askari sasa anamwita bibi wa mvua.


Jumapili, 11 Februari

Kijani!

Nchani. Jani dogo limekunjamana kama sikio la mtoto mchanga, kijani kibichi, halina ukingo wa kahawia. Nimehesabu mashina kumi na saba yenye jani la namna hiyo. (Nimehesabu kwa ngumi, si kwa kidole.) Yale ya zamani hayakupona, na mama alishasema hayatapona, jani lililoungua limeungua, tazama nchani. Mashina manne yamekufa kabisa. Yale matawi yangu mawili niliyokata nayo yamekufa.

Nimechimba kifundo kimoja kidogo, kwa siri, kuona. Mizizi myeupe, mingi, mipya! Nikafukia haraka. Upande wa pili wa shamba sauti ikaliambia jembe: mwambie mtu asifukue mgonjwa kila saa kujua kama amepona.

Ana macho kisogoni mama huyu.

Sada kala majani leo, sahani nzima. Jioni Siti kanyonya akalala na ziwa mdomoni. Nimetoka nje nikasimama peke yangu, na nimelia kidogo, naandika kwa kuwa hasomi mtu.


Alhamisi, 15 Februari

Mambo yameharibika.

Askari wa lindo kampigia saluti Bwana Mkubwa asubuhi, akatoa habari: wote salama, na msaidizi wa mvua kapita na jembe. Bwana akauliza msaidizi gani.

Nimeitwa. Cheti kiko mezani pake. Kaniuliza ni nani huyu, maana yeye hakumwajiri mtu kama huyo. Ulimi wangu, ambao huwa hautulii, ukasema wenyewe kwamba ni mama mmoja mwenye akili, anasoma kipimo Ijumaa niwapo msikitini. Uongo juu ya uongo, kama kapu la pili la majivu.

Bwana katabasamu, na tabasamu lake silipendi. Amesema vizuri sana. Mvua ya kwanza itakayonyesha, mwanamke huyo asimame mbele yangu uani, asome kipimo, aseme hesabu kwa kinywa chake, wewe utafsiri. Akisoma sawa, ataandikwa kazini na cheti ni cheti. Asiposoma — akanionyesha dirishani, pale minyororo inapokaa. Wote wawili.

Kazi ya shamba imebaki nusu. Vifundo vya matawi mapya havijafukiwa, na wadudu wekundu nimewaona wawili leo. Yeye akichukuliwa, sisi hatuwezi. Sada hajui, mimi nakata matawi. Siti atakula nini?


Ijumaa, 16 Februari

Mawingu yamesimama upande wa kusini. Mwezi mzima nimeomba mvua, leo naomba ichelewe siku moja.

Nimeazima chupa ya kupimia, ya kioo, yenye mistari. Maji ya kikombe humiminwa humo, mstari mmoja ni milimita moja, kila wa tano ni mrefu. Mama hajui herufi wala tarakimu. Nitamfundishaje mtu nisiyemsogelea?

Tumefanya hivi. Natia maji ya kisima chupani, naweka juu ya jiwe la kusagia, narudi nyuma hatua kumi na kumpa mgongo. Yeye anatoka bandani, anatazama, anaacha jibu juu ya jiwe, anaingia. Jibu ni mbegu za maboga! Mistari saba, mbegu saba. Mistari kumi na tisa, mbegu kumi na tisa, na kazipanga tano tano mwenyewe, bila kuambiwa maana ya mstari mrefu. Mimi boma walinifundisha kazi hii wiki mbili na nikachapwa.

Mara ya nne nikaweka kumi na tatu kumtega. Kwenye jiwe nikakuta kumi na mbili, na moja kaivunja katikati, kaweka nusu. Nikatabasamu, nikasema leo amekosa. Nikainama, nikaweka jicho sawa na maji, kama inavyotakiwa na kama nisivyofanya siku zote. Kumi na mbili na nusu!

Miaka miwili nimeandika mvua ya serikali nikiwa nimesimama wima. Sijui ni nusu ngapi nimeiongezea nchi hii.

Lakini mbegu si kinywa. Bwana anataka aseme, na nisimame hapo hapo nitafsiri. Mbele yangu hasemi. Akisema na mimi, kwao ni aibu ya kufukuzwa ukoo, na ukoo ndio kitu pekee alichobakiwa nacho, kama upo. Nimemwambia Sada amwombe. Sada kakaa ndani muda mrefu, katoka macho mekundu. Mama amesema mvua kwanza inyeshe.

Nimemuuliza Sada, basi je, mbele ya bwana mama aseme na chupa kama anavyosema na maboga? Sada kasema mama naye kafikiri hivyo, lakini mzungu ataona mwehu anaongea na kioo.


Jumamosi, 17 Februari

Imenyesha! Imeanza baada ya sala ya alfajiri, mvua ya kweli, ya kupiga makuti. Imekatika jua lilipotoka. Tumepita shambani kwanza, yeye ndiye aliyetangulia, nami nikafuata. Maboga yamesimama wima, majani mapana, yanametameta. Alipita katikati yao akiyagusa moja moja.

Sasa tuko uani kwa boma. Naandika nimesimama, kitabu juu ya mkono. Bwana yuko juu, anakunywa kahawa yake, nasikia kijiko. Mama kasimama kwenye kipimo, mimi hatua kumi pembeni, kisogo kwa kisogo. Askari wa lindo naye kaja kutazama bibi wake wa mvua.

Kiti kimesogezwa huko juu.

Nimegeuka. Astaghfirullah, nimegeuka mzima mzima. Kamimina maji chupani, hakumwaga tone. Kapiga magoti kwenye tope, jicho sawa na maji. Midomo inahesabu. Sasa kachovya kidole kikombeni, kwenye maji yaliyobaki pembeni, na — laa, mama, hiyo mvua ya serikali! — kaonja.

Kasimama. Kajifunua kanga kichwani, kageuka. Ananitazama. Ana kovu dogo juu ya nyusi, na macho yake ni ya Siti, yale yale, sikuwa na habari.

"Abdurahmani," kaniita jina. "Kumi na nane na nusu. Haina chumvi. Andika, mwanangu."

Viatu vya bwana vinashuka ngazi kuja kukagua chupa.